Kufuli la intaneti likipata hitilafu: masasisho ya usalama hufanya kazi vipi?

Kila unapotuma pesa kwa programu ya simu, unapofungua barua pepe au unapojaza fomu ya maombi mtandaoni, taarifa zako husafiri zikiwa zimefungwa ili mtu aliye njiani asizisome. Kazi ya kuzifunga na kuzifungua hufanywa na programu ambazo wengi wetu hatujawahi kuzisikia, ziitwazo maktaba za usimbaji fiche. Zikigunduliwa kuwa na kasoro, watengenezaji hutoa sasisho la usalama.

Wasikilizaji wetu wengi hujiuliza masasisho hayo ni ya nini hasa, na kama ni lazima. Katika makala haya tunaeleza kwa kutumia kisa kimoja kilichotikisa dunia nzima mwaka 2014, hitilafu iliyopewa jina la Heartbleed. Kisa hicho kinaonyesha jambo ambalo husahaulika kwa urahisi: sasisho kutolewa ni hatua ya kwanza tu, na bado kuna hatua kadhaa kabla tundu halijazibwa kweli.

Maktaba ya usimbaji fiche ni nini?

Kusimba ni kuugeuza ujumbe uwe fumbo ambalo mwenye ufunguo pekee ndiye anayeweza kulifumbua. Ukiona anwani ya tovuti imeanza na herufi https, maana yake ni kwamba mazungumzo kati ya simu yako na kompyuta ya upande wa pili, yaani seva, yamesimbwa.

Hesabu zinazotumika katika kusimba ni ngumu, na kosa dogo huharibu kila kitu. Kwa hiyo mtu anayetengeneza programu ya benki au tovuti ya wizara haandiki hesabu hizo upya. Huazima kazi iliyokwisha kuandikwa na wataalamu na kuwekwa pamoja kwa matumizi ya wote. Mkusanyiko huo ndio unaoitwa maktaba.

Maktaba mojawapo inayotumika sana duniani ni OpenSSL, iliyoanzishwa mwaka 1998. Ni programu huria: mtu yeyote anaweza kuitumia bila malipo na kusoma namna ilivyoandikwa. Faida yake ni kwamba mwenye fedha na asiye na fedha hutumia kufuli lilelile bora. Hatari yake ni kwamba kufuli hilo likiwa na kasoro, kasoro hiyo iko kwenye milango yote kwa wakati mmoja.

Mfumo endeshi wa makampuni

Seva nazo zina mfumo endeshi, kama simu yako ilivyo na Android. Seva nyingi duniani hutumia Linux. Linux ina matoleo ya namna nyingi, na mojawapo limetengenezwa mahususi kwa ajili ya benki, makampuni ya simu, hospitali na ofisi za serikali. Hilo ni Red Hat Enterprise Linux, la kampuni ya Red Hat ya Marekani.

Anayelinunua halipii programu yenyewe tu. Hulipia ahadi kwamba kwa muda wa miaka kama 10 kampuni itaendelea kutafuta kasoro, kuziba matundu na kutuma masasisho bila kubadilisha mambo mengine. Taasisi kubwa hupenda utulivu wa namna hiyo, kwa sababu mabadiliko ya ghafla yanaweza kusimamisha malipo au kuharibu hesabu za wateja.

Ndani ya mfumo huo imo OpenSSL. Kasoro ikigunduliwa kwenye maktaba, Red Hat hulazimika kuchukua marekebisho, kuyapima na kuyapeleka kwa wateja wake haraka.

Heartbleed: kilo moja iliyorudi gunia

Simu na seva zinapozungumza, wakati mwingine hukaa kimya kidogo. Ili muunganisho usikatike, upande mmoja unaweza kuuliza, “Bado upo?” na upande wa pili ukajibu. Utaratibu huo huitwa mapigo ya moyo, na uliingizwa katika OpenSSL toleo la 1.0.1, lililotoka Machi 2012.

Anayeuliza hutuma neno na kutaja urefu wake. Kwa mfano: “Nirudishie neno jembe, lina herufi 5.” Seva hurudisha jembe, na mambo yanaendelea.

Kasoro ilikuwa hapa: seva haikuhakikisha kama urefu uliotajwa ni wa kweli. Mtu aliweza kutuma neno jembe na kudai kwamba lina herufi 64,000. Seva ilirudisha jembe, kisha ikachota chochote kilichofuata katika kumbukumbu yake mpaka idadi ikatimia.

Fikiria mashine ya kusaga kijijini. Mtu analeta kilo moja ya mahindi na kusema ni gunia zima. Msagaji hapimi. Anamjazia gunia la unga, na unga wa kuongezea anauchota kwenye mifuko ya wateja wengine. Mwenye kilo moja anaondoka na unga wa jirani zake, na kesho anarudi tena.

Katika seva, unga huo wa jirani ulikuwa majina ya watumiaji, nywila, yaliyomo kwenye barua pepe, na wakati mwingine ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Kila ombi liliweza kuchota hadi kilobaiti 64, na mdukuzi aliweza kurudia mara nyingi alivyotaka. Kwa kawaida kitendo hicho hakikuacha alama yoyote kwenye kumbukumbu za matukio za seva, hivyo mwenye seva hakuweza kujua kama ameibiwa.

Sehemu hiyo iliandikwa na mtaalamu wa Ujerumani, Robin Seggelmann, ambaye baadaye alieleza hadharani kwamba alisahau kuweka kipimo cha urefu, na kwamba mkaguzi wa kazi yake naye hakuliona kosa hilo. Hapakuwa na nia mbaya. Lakini kosa hilo lilikaa miaka miwili bila kutangazwa, huku dunia ikiendelea kuitumia maktaba hiyo.

Tarehe muhimu

- Machi 2012: OpenSSL 1.0.1 yatolewa ikiwa na kasoro ndani yake.
- Novemba 2013: Red Hat Enterprise Linux 6.5 yatolewa, ikiwa na OpenSSL 1.0.1e.
- 7 Aprili 2014: kasoro yatangazwa pamoja na toleo lililorekebishwa, 1.0.1g. Ilikuwa imegunduliwa na pande mbili bila kuambizana: Neel Mehta wa Google na wahandisi wa kampuni ya Codenomicon ya Finland.
- 8 Aprili 2014: Red Hat yatoa sasisho kwa wateja wake wa toleo la 6.
- 14 Aprili 2014: Mamlaka ya mapato ya Kanada yatangaza kwamba namba za bima ya jamii za watu wapatao 900 zimeibwa kupitia kasoro hiyo.

Tarehe hizo zinaonyesha kwamba sasisho lilipatikana mapema. Hata hivyo, siku kasoro inapotangazwa, wadukuzi nao husoma tangazo hilohilo. Kuanzia hapo ni mashindano ya mbio kati ya anayeziba na anayechungulia. Huko Kanada huduma za kodi za mtandaoni zilifungwa kwa siku kadhaa, ikabidi wananchi waongezewe muda wa kuwasilisha hesabu zao za kodi.

Namba ya toleo inaweza kupotosha

Tangazo la OpenSSL lilisema matoleo yote kuanzia 1.0.1 hadi 1.0.1f yana kasoro, na kwamba 1.0.1g ni salama. Lakini aliyesakinisha sasisho la Red Hat na kisha kutazama namba, aliona bado imeandikwa 1.0.1e. Wengi waliingiwa na hofu.

Sababu ni namna Red Hat inavyofanya kazi. Haikuwapa wateja toleo jipya la 1.0.1g. Ilichukua yale marekebisho machache tu na kuyashonea ndani ya toleo walilokuwa nalo. Ni kama fundi cherehani anayetia kiraka kwenye shati lako badala ya kukupa shati jingine. Kilichobadilika ni tarakimu za mwishoni. Kifurushi kilichorekebishwa kilikuwa na jina openssl-1.0.1e-16.el6_5.7, na ile 7 ya mwisho ndiyo iliyobeba habari njema.

Jambo la pili linaweza kushangaza. Red Hat Enterprise Linux 5, ambayo ilikuwa ya zamani zaidi, haikuathirika kabisa na Heartbleed. Ilitumia OpenSSL ya zamani ambayo haikuwa na mapigo ya moyo. Vilevile matoleo ya 6 yaliyotangulia 6.5 yalikuwa salama na kasoro hii. Kwa hiyo kitu kipya si lazima kiwe salama zaidi, na cha zamani si lazima kiwe kibovu. Cha muhimu ni kama kuna mtu anayekiangalia na kukitia viraka.

Kusakinisha sasisho hakutoshi

Hapa ndipo watu wengi walipokwama. Seva iliyokuwa na Heartbleed ilihitaji hatua 4, tena kwa mpangilio.

Kwanza, kusakinisha sasisho. Kwa mtaalamu hii ni kazi ya dakika chache.

Pili, kuzima na kuwasha upya huduma zote zinazotumia maktaba. Programu ikishaanza kufanya kazi, huwa imekwisha kuibeba maktaba katika kumbukumbu yake. Ukibadilisha faili kwenye diski, programu inaendelea kutumia nakala ya zamani mpaka izimwe. Seva iliyosasishwa bila kuwashwa upya ilibaki na tundu lilelile, huku mwenye seva akiamini amemaliza kazi.

Tatu, kubadilisha ufunguo wa siri na cheti cha seva. Cheti ni kama kitambulisho kinachoithibitishia simu yako kwamba inaongea na benki halisi. Ikiwa mdukuzi alichota ufunguo kabla ya sasisho, bado anao hata baada ya tundu kuzibwa, na anaweza kujifanya benki. Mwanzoni baadhi ya wataalamu walitilia shaka kama ufunguo unaweza kuchotwa kwa njia hii. Tarehe 11 Aprili 2014 kampuni ya Cloudflare iliweka seva yenye kasoro na kumwalika yeyote ajaribu. Siku hiyohiyo watu waliupata ufunguo.

Nne, watumiaji kubadilisha nywila. Mpangilio ni muhimu hapa. Aliyebadilisha nywila kabla seva haijarekebishwa aliiweka nywila mpya mahali palepale panapovuja.

Watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, kikiwemo Chuo Kikuu cha Michigan, walifuatilia tovuti zilizokuwa na kasoro. Walikuta asilimia 73 zimesakinisha sasisho, lakini asilimia 10 tu ndizo zilizobadilisha vyeti. Na miongoni mwa zilizobadilisha, asilimia 14 zilitengeneza cheti kipya kwa kutumia ufunguo uleule wa zamani. Ni sawa na kuibiwa ufunguo wa nyumba, ukanunua kitasa kipya kinachofunguliwa na ufunguo uleule.

Watafiti hao walifanya jambo jingine la kufundisha. Katika jaribio lililohusu seva zipatazo 150,000, waliwaandikia baadhi ya wamiliki kuwaarifu kwamba seva zao bado zina tundu. Usasishaji miongoni mwa walioarifiwa uliongezeka kwa karibu asilimia 50 ukilinganisha na wale ambao hawakuandikiwa. Wengi hawakuwa wakaidi. Hawakuwa na habari tu.

Nani analipia kufuli la wote?

Baada ya Heartbleed watu waliuliza ni nani hasa anayeitunza OpenSSL. Jibu lilistaajabisha. Maktaba iliyotegemewa na makampuni yenye mabilioni ya dola ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeifanyia kazi muda wote, akisaidiwa na wachache waliojitolea. Michango ya kawaida iliyoifikia ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka.

Ilikuwa kama kisima cha kijiji ambacho kila nyumba inachota maji, lakini hakuna anayetoa mchango wa kutengeneza pampu. Mwishoni mwa Aprili 2014 taasisi ya Linux Foundation ilianzisha mfuko wa kusaidia programu muhimu za namna hiyo, na makampuni kama Google, Microsoft, Facebook, IBM na Amazon yakakubali kuchangia.

Utaratibu wa kutoa taarifa nao uliimarika. Tarehe 25 Oktoba 2022 wasimamizi wa OpenSSL walitangaza kwamba wiki moja baadaye wangetoa sasisho la kasoro kubwa katika toleo la 3.0, bila kueleza kasoro yenyewe. Wasimamizi wa seva wakapata muda wa kuorodhesha mashine zao. Waliotumia Red Hat Enterprise Linux 9 walijua wanahusika, kwa kuwa wakati huo lilikuwa na OpenSSL 3.0. Wa toleo la 8, lenye OpenSSL 1.1.1, walijua hawahusiki. Tarehe 1 Novemba sasisho lilipotoka, ukali wa kasoro hiyo ulishushwa daraja, na hapakuwa na kishindo kama cha 2014.

Mfumo ukifika mwisho wa huduma

Ahadi ya masasisho ina mwisho. Huduma ya kawaida ya Red Hat Enterprise Linux 6, mfumo uleule uliopitia Heartbleed, iliisha tarehe 30 Novemba 2020. Toleo la 7 lilifika mwisho tarehe 30 Juni 2024, siku moja na CentOS Linux 7, mfumo wa bure uliotengenezwa kufanana nalo na ambao ulipendwa na ofisi ndogo, vyuo na watoa huduma za tovuti.

Baada ya tarehe hiyo kompyuta haizimiki. Inaendelea kufanya kazi kama jana, na hilo ndilo linalodanganya. Kasoro mpya zikigunduliwa, hakuna sasisho linalokuja, isipokuwa kwa anayelipia huduma ya ziada pale inapopatikana.

Ikiwa wewe ni mwanachama wa ushirika, Sacco au kikundi kinachotunza kumbukumbu za wanachama kwenye seva, unaweza kuuliza maswali haya kwenye mkutano bila kuwa mtaalamu:

1. Seva yetu inatumia mfumo gani, na huduma yake ya masasisho inaisha lini?
2. Nani mwenye jukumu la kusakinisha masasisho, na mara ya mwisho alifanya hivyo lini?
3. Baada ya kusakinisha, huduma ziliwashwa upya?
4. Ufunguo na cheti vikishukiwa kuibwa, nani anajua namna ya kuvibadilisha?

Akijibu kwamba “mashine inafanya kazi vizuri, haina tatizo”, bado hajajibu swali.

Na simu yako je?

Heartbleed haikugusa seva peke yake. Google ilieleza wakati huo kwamba toleo la Android 4.1.1 lilikuwa na kasoro hiyo. Marekebisho yalitolewa, lakini kuyafikisha kwenye simu kulitegemea kila kampuni iliyotengeneza simu kuyaandaa kwa ajili ya simu zake.

Tunapendekeza mambo haya:

- Fungua mipangilio ya simu, kisha sehemu inayohusu simu au mfumo, uangalie tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ni ya zamani, tafuta kama kuna sasisho jipya.
- Sasisha pia programu unazotumia, hasa za benki na za pesa. Baadhi ya programu hubeba maktaba yake yenyewe ya usimbaji, kwa hiyo kusasisha simu peke yake hakuzifikii.
- Masasisho hula bando. Ukipata Wi-Fi unayoiamini, au kifurushi cha usiku chenye bei nafuu, tumia nafasi hiyo. Chaji simu kwanza, na usiizime katikati ya kazi.
- Pakua masasisho kutoka kwenye mipangilio ya simu au duka rasmi la programu. Ujumbe mfupi unaosema “bonyeza hapa kusasisha akaunti yako” ni mtego wa matapeli. Sasisho la kweli halikuombi namba ya siri.
- Ikiwa simu haipati tena masasisho, itumie kusikilizia redio, kupiga picha na kuongea. Shughuli za pesa zihamishie kwenye simu inayosasishwa kama unayo.

Anayetumia simu ya kitochi na kufanya malipo kwa namba za nyota na reli hahitaji kusasisha chochote kwenye simu yake, kwa sababu njia hiyo haipitii https. Lakini taarifa zake bado zinafika kwenye seva za kampuni, na usalama wake huko unategemea watu wanaozitunza seva hizo.

Maneno yaliyotumika

*Cheti:* kitambulisho cha kidijitali kinachothibitisha kwamba seva ni ya mwenyewe halisi.

*Kiraka:* kipande cha programu kinachoziba kasoro moja bila kubadilisha mengine.

*Maktaba:* mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa ambazo programu nyingine huziazima.

*Mfumo endeshi:* programu kuu inayoendesha kompyuta au simu.

*Sasisho la usalama:* toleo la programu lililotolewa ili kuziba tundu ambalo wadukuzi wanaweza kulitumia.

*Seva:* kompyuta inayohudumia simu na kompyuta nyingine kupitia mtandao.

*Ufunguo wa siri:* namba ndefu inayotunzwa na seva kwa siri. Anayeipata anaweza kujifanya seva hiyo.

*Usimbaji fiche:* kugeuza ujumbe kuwa fumbo ili asiyehusika asiusome.